Ukimya wa Darasani: Kiingereza Machoni pa Wanafunzi na Walimu wa Chuo Kikuu

Yeyote aingiaye katika chumba cha semina cha chuo kikuu nchini Tanzania, kiwe cha Dar es Salaam juu ya kilima chake au cha Dodoma kwenye vilima vya Chimwaga, hakawii kutambua jambo ambalo walimu wamelizoea hata hawalistaajabii tena: mwalimu akiuliza swali kwa Kiingereza, kimya hutanda, macho huinamia daftari, na wanafunzi walewale ambao muda mfupi kabla, wakiwa nje kwenye vimbweta, walikuwa wakibishana juu ya somo hilohilo kwa ulimi mwepesi na hoja nzito, huwa kana kwamba hawakupata kulisikia maishani mwao. Swali likirudiwa kwa Kiswahili, mikono huinuka. Basi kimya hicho si cha ujinga, wala si cha uvivu. Aghalabu ni kimya cha haya. Muradi wa makala haya ni kueleza kimetoka wapi, wanafunzi na walimu wanakitazama vipi Kiingereza kilichokizaa, na kwa nini naamini kuwa sehemu kubwa ya dawa yake imo mikononi mwetu tayari, ila twaitumia kwa siri na kuionea soni.

Chuo kikuu cha kwanza cha Tanganyika kilifunguliwa Oktoba 1961, wiki chache kabla ya uhuru, katika jengo la chama cha TANU mjini Dar es Salaam, nacho kilikuwa tawi la Chuo Kikuu cha London na kilianza na wanafunzi wachache wa sheria. Mwaka 1964 kilihamia Ubungo, mahali ambapo watu wamezoea kupaita Mlimani, na Julai 1970, baada ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, ambacho kilikuwa kimekuwa sehemu yake, kugawanyika, kikawa chuo kikuu kamili cha taifa. Kwa kuwa shahada zake za mwanzo zilikuwa za London, suala la lugha ya kufundishia halikupata mjadala mkubwa: vitabu vilikuwa vya Kiingereza, wahadhiri wengi walikuwa wageni, na wanafunzi wachache waliobahatika kufika pale walikuwa wamekwisha kuchujwa kwa Kiingereza katika mtihani baada ya mtihani.

Hali ilianza kubadilika kwa sababu iliyo njema. Mwaka 1967, mwaka uleule wa Azimio la Arusha, Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia katika madarasa yote ya shule za msingi za serikali, na watoto wa wakulima wakapata kuisikia hesabu, historia na sayansi katika lugha waifahamuyo. Lakini ngazi ya juu haikuguswa. Mtoto aliyesoma miaka saba kwa Kiswahili alivuka likizo moja tu, akaingia kidato cha kwanza, na siku ya kwanza akakuta karibu kila somo isipokuwa Kiswahili chenyewe limegeuzwa Kiingereza. Waliopanga mambo hawakukusudia mpasuko huo udumu. Mpango wa pili wa maendeleo wa miaka mitano, uliotangazwa 1969, ulikwisha kudokeza kwamba Kiswahili kingepanda ngazi kidogo kidogo. Na Tume ya Rais ya Elimu, iliyoongozwa na Jackson Makweta, ilipotoa taarifa yake mwaka 1982, ilipendekeza bayana kwamba Kiswahili kianze kufundishia sekondari mwaka 1985 na kifike chuo kikuu mwanzoni mwa miaka ya 1990. Serikali ililikataa pendekezo hilo. Mwalimu Julius Nyerere mwenyewe, ambaye hapana awezaye kumshuku juu ya mapenzi yake kwa Kiswahili, maana ndiye aliyezifasiri tamthilia mbili za Shakespeare, moja mwaka 1963 na ya pili, Mabepari wa Venisi, mwaka 1969, alisema mwaka 1984 kwamba Kiingereza ndicho Kiswahili cha dunia, na kwa hiyo sharuti kipewe uzito wake.

Mwaka huohuo wa 1984 ndipo ilipotoka taarifa ambayo hata leo haiachi kutajwa palipo na mjadala huu. Wataalamu wawili, Clive Criper na William Dodd, waliombwa kupima hali ya Kiingereza katika shule na vyuo vya Tanzania. Walikuta kwamba katika wanafunzi wa kidato cha nne, takriban asilimia 10 tu ndio waliokuwa na Kiingereza cha kutosha hata kuanza kufundishwa masomo mengine kwa lugha hiyo. Na katika wanafunzi wa chuo kikuu waliopimwa, waliopungua asilimia 20 ndio waliokuwa katika kiwango cha kusoma kwa wepesi hata vile vitabu vyepesi vya masomo yao. Msomaji na aitafakari hesabu hiyo kwa makini. Hao wa chuo kikuu hawakuwa vijana walioshindwa; walikuwa ndio wateule wa taifa zima, waliofaulu pale ambapo maelfu ya wenzao walikwama. Hata hivyo mashauri ya taarifa hiyo hayakuwa kubadili lugha ya kufundishia, bali kukiokoa Kiingereza, na kuanzia 1987 ukaja mradi wa msaada wa Uingereza wa kuimarisha ufundishaji wake, pamoja na vitabu vyepesi vya hadithi kwa wanafunzi wa sekondari. Mlimani nako kulikuwa na kitengo cha stadi za mawasiliano kilichoanzishwa 1978, ambacho kazi yake ilikuwa kumshika mkono mwanafunzi mpya na kumfunza kuandika insha, kuchukua nukuu na kusoma kitabu cha kitaaluma.

Sasa natugeukie wanafunzi wenyewe, na kwanza tuwatendee haki. Wapo wasemao kwamba kijana wa chuo akipendaye Kiingereza ana kasumba ya kikoloni tu, naye ameghurika na fahari isiyo na maana. Hasha. Ukimsikiliza kwa staha, utaona kwamba hoja zake ni za mtu anayejua dunia aliyomo. Atakwambia kwamba tangazo la kazi limeandikwa kwa Kiingereza na usaili wake utakuwa kwa Kiingereza; kwamba ushirikiano wa Afrika Mashariki umemleta Mkenya na Mganda katika soko lilelile la ajira; kwamba makala za fani yake, ziwe za uhandisi, za uchumi au za tiba, katika intaneti na katika maktaba ziko kwa lugha hiyo; kwamba akitaka kusoma shahada ya pili ng'ambo, mlango wake wa kwanza ni mtihani wa Kiingereza. Tena hana hakika kwamba anayemwambia akiache Kiingereza amewaachisha wanawe. Amewaona wakubwa wakisifu Kiswahili majukwaani ilhali watoto wao wako katika shule za mchepuo wa Kiingereza, naye akatoa hukumu yake kwa matendo, si kwa maneno. Ndiyo sababu watafiti wakiuliza, mara nyingi hupata jibu lenye sura mbili: mwanafunzi anakiri kwamba hayafahamu vyema masomo kwa Kiingereza, na papo hapo anataka kiendelee kufundishia.

Chini ya raghba hiyo, hata hivyo, kuna hofu. Mwanafunzi anaogopa kukosea mbele ya wenzake, maana kosa la Kiingereza huchekwa, ilhali kosa la hesabu husahihishwa tu. Akiteleza katika nyakati za kitenzi, au akitamka neno kwa sauti za kwao, kicheko humfuata hadi bwenini. Hivyo hujifunza busara isiyo na faida: kukaa kimya. Wahenga walisema asiyeuliza hanalo ajifunzalo, na hapa usemi huo unatimia neno kwa neno. Asiyeweza kuuliza hana budi kutafuta njia ya kufaulu bila kuuliza, na njia hiyo ni kukariri. Madesa ya mwaka jana hurithiwa na kunakiliwa, majibu ya mitihani iliyopita hukaririwa aya kwa aya, na usiku wa kuamkia mtihani watu hupiga msuli hadi alfajiri wakipitia sentensi za watu wengine, kwa kuwa sentensi zao wenyewe hawaziamini. Wengine hufaulu, wengine hupata sapu, na wachache wenye bahati mbaya hudisko, wakarudi kwao wakiamini kwamba akili zao hazikutosha, na kumbe kilichopungua ni lugha.

Dhuluma iliyo kubwa zaidi ni ya wanafunzi wao kwa wao. Tangu mpango wa kupanua elimu ya sekondari ulipoanza mwaka 2004 na shule za kata kuenea nchini, milango ya elimu imewafungukia vijana ambao wazazi wao hawakuota kuwa na mtoto chuo kikuu, na hilo ni jambo la kushukuriwa. Lakini katika chumba kimoja cha mhadhara sasa huketi kijana aliyezungumza Kiingereza tangu shule ya awali, kwa ada ambayo wazazi wachache waimudu, kando ya mwenziwe aliyefundishwa katika shule ya kata na mwalimu ambaye naye alikuwa akikitafuta Kiingereza. Yule wa kwanza hujibu upesi, naye huhesabiwa kuwa mwerevu. Huyu wa pili hunyamaza, naye huhesabiwa kuwa mzito. Mwalimu asipokuwa na hadhari, na hata mwanafunzi mwenyewe, huchukua wepesi wa ulimi kuwa ndio wepesi wa akili, na hapo chuo kikuu, ambacho kiliundwa kupima vipaji, hugeuka kupima kipato cha mzazi.

Walimu nao hawana kauli moja. Wako waliolelewa katika shule za zamani, ambao walikisoma Kiingereza kwa walimu wenye umilisi nacho, nao husikitika kwa dhati wakisahihisha insha ambazo hawawezi kujua kama kosa liko katika hoja au katika sarufi. Wako wengine wasemao kwamba wao ni walimu wa kemia au wa historia, si walimu wa lugha, na kwamba mwanafunzi anapaswa kuja chuoni na Kiingereza chake mkononi. Hao watapeleka mzigo sekondari, nayo sekondari itaupeleka msingi, nayo msingi haina pa kuupeleka. Na wako wa kundi la tatu, wanaotaka lugha ya kufundishia ibadilishwe. Martha Qorro wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliyeandika kitabu pamoja na Zaline Roy-Campbell mwaka 1997 juu ya balaa hili la lugha, ameshikilia kwa miaka mingi kwamba elimu na Kiingereza si kitu kimoja, na kwamba kukitumia Kiingereza kufundishia si njia bora ya kukifundisha. Casmir Rubagumya naye alihariri kitabu mwaka 1990 kilichokusanya hoja za wataalamu juu ya maudhui hayo. Kuanzia 2002, watafiti wa Dar es Salaam walishirikiana na wenzao wa Oslo na wa Western Cape kulinganisha masomo ya sekondari yafundishwapo kwa Kiswahili na yafundishwapo kwa Kiingereza, na waliyoyaona darasani yaliwatia nguvu: palipotumika Kiswahili wanafunzi waliuliza, walijibu na waliyafahamu mambo zaidi.

Walakini kuna jambo moja ambalo takriban walimu wote wa makundi hayo matatu hulifanya, ingawa katika maandishi hawakiri. Mhadhara ukifika mahali pagumu, na nyuso za wanafunzi zikaonyesha kwamba kamba imekatika, mwalimu hushusha sauti na kueleza kwa Kiswahili. Ofisini mwake, mwanafunzi akija na shida ya tasnifu, mazungumzo yote huwa kwa Kiswahili. Chini ya miti, katika vikundi vya kujisomea, vitabu vya Kiingereza hufasiriwa na kujadiliwa kwa Kiswahili, kisha majibu hurudishwa Kiingereza kwa ajili ya mtihani. Kwa hiyo Kiswahili tayari kinabeba sehemu kubwa ya kazi ya chuo kikuu. Ila kinaibeba kwa mlango wa nyuma, bila kutambuliwa, bila kupangwa, na bila mtu kujiuliza namna ya kuifanya kazi hiyo vizuri zaidi. Wakati huohuo Kiingereza, ambacho kimepewa heshima yote, hufundishwa chenyewe kwa uhaba: kozi moja ya mwaka wa kwanza, darasa lenye mamia ya watu, mwalimu asiyeweza kusoma insha ya kila mmoja.

Naona hapa ndipo ulipo mzizi. Tumechanganya kazi mbili zilizo tofauti: kujifunza Kiingereza, na kujifunza elimu nyingine kwa Kiingereza. Ya kwanza inahitaji mwalimu wa lugha, mazoezi mengi, vitabu vya kiwango cha msomaji, na ruhusa ya kukosea. Ya pili inadhani kwamba ya kwanza imekwisha. Jim Cummins, mtaalamu wa Canada, tangu mwaka 1979 amepambanua lugha ya mazungumzo ya kila siku na lugha ya darasani yenye fikra za mbali. Akaonyesha kwamba watoto wa wahamiaji huipata ile ya kwanza kwa miaka kama miwili, lakini ile ya pili huwachukua miaka mitano hadi saba au zaidi. Na hao ni watoto wakaao katikati ya Kiingereza, wakisikiacho dukani, mchezoni na katika basi. Kijana wa Tabora au Mtwara hukisikia darasani tu, kutoka kwa mwalimu aliyekisikia darasani tu. Cummins alionyesha pia kwamba fikra iliyofahamika barabara katika lugha ya kwanza haipotei, bali huhamia katika ya pili. Aliyekwisha kuelewa kwa Kiswahili maana ya mfumuko wa bei, kwa Kiingereza atakuwa anatafuta jina tu. Asiyeelewa kwa lugha yoyote, jina halitamfaa.

Dunia nayo inashuhudia. Waholanzi, Waswidi na Wadenmark husomesha watoto wao kwa lugha zao tangu msingi hadi sekondari, na ni miongoni mwa mataifa yasemayo Kiingereza vizuri mno barani Ulaya. Hawakukipata kwa kukifanya pazia mbele ya hesabu na sayansi. Walikipata kwa kukifundisha kama somo, kwa walimu waliofunzwa, na kwa kukisoma na kukisikia kila siku.

Watasema wengine: Kiswahili hakina istilahi. Hoja hii ilikuwa na uzito zamani kuliko sasa. Baraza la Kiswahili la Taifa limekuwapo tangu 1967. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili pale Mlimani ilitoa mwaka 1990 kamusi ya biolojia, fizikia na kemia. Shahada za Kiswahili zenyewe, hadi ya uzamivu, hufundishwa na kuandikiwa tasnifu kwa Kiswahili, na jarida la Mulika huchapisha utafiti kwa lugha hiyo. Ni kweli kwamba vitabu vya kiada vya chuo kikuu kwa Kiswahili ni haba, na kufasiri maktaba nzima ni kazi ya vizazi na ya gharama. Kwa hiyo siwashauri wakuu wa vyuo wageuze kila kitu usiku mmoja. Lakini wautazame mfano wa sheria. Mwaka 2021 Bunge lilibadili sheria na kukifanya Kiswahili lugha ya sheria na ya mahakama. Mwanafunzi wa sheria asomaye leo kwa Kiingereza kitupu anaandaliwa kwa mahakama ambayo lugha yake imebadilika, na mteja atakayesimama mbele yake hatamuuliza juu ya maneno ya Kilatini na ya Kiingereza aliyoyakariri, bali juu ya haki yake ya shamba na urithi. Kadhalika daktari, bwana shamba na mhasibu: elimu yao hupokewa kwa lugha moja na kutumiwa kwa nyingine, na hapana aliyewafunza kuvuka kati ya hizo mbili.

Hivyo basi ninayoyataka ni machache, na hayakihasimu Kiingereza. La kwanza, maelezo ya Kiswahili darasani yatolewe mbele ya watu, kama sehemu halali ya ufundishaji, na mwalimu ajiandae nayo kama ajiandaavyo kwa mhadhara, akiwa na istilahi zilizokubaliwa badala ya kubuni papo kwa papo. La pili, Kiingereza kifundishwe kwa miaka yote ya shahada, katika vikundi vidogo, tena kwa lugha ya fani ya mwanafunzi mwenyewe, ili mhandisi asome ripoti za uhandisi na mwanahistoria aandike juu ya historia. La tatu, katika kusahihisha, alama za hoja zitengwe na alama za lugha, ili mwanafunzi ajue alipokosea. Kumwadhibu mara mbili kwa kosa moja si uadilifu, na kumpa alama za bure kwa sentensi nzuri zisizo na maana ni kumdanganya. La nne, maktaba ziwe na vitabu vyepesi vya kusoma kwa raha, maana mwenye kusoma kurasa nyingi za lugha sahali hupata lugha ngumu bila kujua, na mwenye kulazimishwa ngumu tangu mwanzo huchukia zote mbili.

Hayo yanahitaji baraza na bajeti, nayo yatachukua muda. Liko moja lisilosubiri kibali cha mtu. Mhadhiri anaweza kesho kutangaza mbele ya semina yake kwamba hoja itapokewa kwa Kiswahili au kwa Kiingereza, na kwamba ile iliyotolewa kwa Kiswahili itavikwa Kiingereza hapohapo, kwa msaada wa darasa zima, hadi mwenye hoja aweze kuisema mwenyewe. Mwanafunzi kwa upande wake anaweza kuapa kutomcheka mwenziwe anayejaribu, na kujaribu yeye mwenyewe kabla hajawa na hakika. Kiingereza ni ilimu yenye manufaa, na kijana wa Tanzania ana haki ya kukipata kamili. Lakini ana haki iliyotangulia hiyo, ya kufahamu anachofundishwa, kukihoji na kukitumia kwa watu wake, na chuo kikuu kisichompa haki hii ya kwanza hakitaweza kumpa ile ya pili.